Mtu Aliyekuwa na Nafasi ya Kusikiliza

Jumapili ya 16 ya Mwaka C
Masomo: Mwa 18:1-10, Lk 10:38-42



Wapendwa wasikilizaji, somo la kwanza na Injili ya leo yote mawili yanatukuta mlangoni pa nyumba. Katika somo la kwanza mzee Ibrahimu ameketi penye mlango wa hema lake, jua la mchana likiwa kali, anaona watu watatu asiowajua, naye anainuka na kuwaendea mbio. Mzee wa umri ule, anakimbia! Katika Injili Yesu anaingia nyumbani mwa Marta, na yaliyotokea sote twayajua: dada mmoja alishika sufuria, mwingine akaketi akasikiliza. Mahubiri juu ya Marta na Maria mmekwisha kuyasikia mara nyingi, na akina mama kadhaa wameniambia waziwazi kwamba hawayapendi, kwa kuwa aliyepika ndiye anayelaumiwa, ilhali kula walikula wote. Leo sina nia ya kuwaudhi tena. Nitawapeleka mbali kidogo, baharini, hadi mji mdogo wa kisiwani ambako mashua moja ya matanga ilitia nanga kwa muda wa siku nne, katika mwezi kama huu wa Julai, mwaka 1895. Nadhani wenyeji wa mji ule wataifafanua Injili hii kuliko niwezavyo mimi.

Mwenye mashua aliitwa Joshua Slocum. Alizaliwa Nova Scotia, katika nchi ya Kanada, mwaka 1844, akaenda baharini angali kijana, akapanda cheo hata akawa nahodha wa merikebu kubwa za matanga. Lakini zama za matanga zilikuwa zinakwisha. Meli za moshi zilichukua shehena zote, na manahodha wa namna yake wakabaki pwani wakitazama maji. Merikebu yake ya mwisho ya biashara, iliyoitwa Aquidneck, ilikwama na kuharibika katika pwani ya Brazili mwaka 1887. Miaka michache baadaye rafiki yake mmoja akampa mashua kuukuu ya kuvulia chaza, ambayo ilikuwa imekaa shambani, juu ya nchi kavu, kwa miaka kadhaa, katika mji wa Fairhaven, Massachusetts. Majirani waliiona zawadi ile kuwa ni mzaha, na kwa hakika ilikuwa na mzaha ndani yake. Slocum hakucheka. Akaijenga upya, ubao baada ya ubao, kwa mikono yake mwenyewe, akatumia miezi 13 na dola 553 na senti 62 za kununulia vifaa. Jina akaliacha lile lile la zamani, Spray. Urefu wake ulikuwa mita 11 na kidogo. Yaani haikuzidi majahazi mengi ambayo ndugu zetu wa Pangani na Lamu huyaona kila siku.

Tarehe 24 Aprili 1895 aling'oa nanga Boston, peke yake, akiwa mtu wa miaka 51. Alirudi Marekani, katika bandari ya Newport, tarehe 27 Juni 1898, baada ya safari ya maili 46,000. Ndiye mtu wa kwanza ajulikanaye kuizunguka dunia kwa matanga bila mwenzi. Kitabu alichoandika kilitoka mwaka 1900, kikiitwa Sailing Alone Around the World, nacho ndicho ninachokitegemea katika mengi nitakayowasimulia.

Tumtazame kwanza kabla hajafika. Alipoiacha pwani ya Kanada ukungu mzito ulimfunika, na ndani ya ukungu ule upweke ukamshika kooni. Aliogopa kwamba sauti yake ingepotea kwa kukosa kutumika. Basi akawa anatoa amri kwa sauti kubwa, kama kwamba ana mabaharia. Alimpigia kelele mshika usukani, akamwuliza kama mashua imeelekea inakotakiwa. Mshika usukani hakuwako, na ule ukimya ulioufuata swali lake ukamwonyesha wazi zaidi alivyokuwa peke yake. Njiani alikutana na merikebu moja ya Kihispania, ambayo nahodha wake alimrushia kamba na kumpelekea chupa ya divai iliyofungwa shingoni. Wakapungiana mikono, kila mmoja akashika njia yake. Siku ya 18 tangu kuipita ncha ya Cape Sable, tarehe 20 Julai, Slocum aliingia katika bandari ya Horta.

Horta ni mji mkuu wa kisiwa cha Faial, mojawapo ya visiwa tisa vya Azores, milki ya Ureno, vilivyotawanyika katikati ya bahari ya Atlantiki. Kutoka Lisbon hadi pale ni zaidi ya kilomita 1,500 za maji matupu. Mbele ya mji, ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari, umesimama mlima Pico, wenye urefu wa mita 2,351, mrefu kuliko milima yote ya Ureno. Mabaharia wa Atlantiki waliutumia kama sisi wa bara tunavyoutumia mnara wa kanisa: ukiuona, umefika.

Mapokezi ya kwanza yalikuwa ya kiserikali, nayo yalikuwa ya kuchekesha. Afisa mmoja kijana wa jeshi la majini, akiihofia salama ya mashua ndogo kama ile, alipanda na kujitolea kuwa rubani. Slocum asema hana shaka kwamba kijana yule angeweza kuiongoza manowari. Ila Spray ilikuwa ndogo mno kwa wingi wa sare aliyoivaa. Rubani akavigonga vyombo vilivyokuwamo bandarini, akazamisha tishali moja, ndipo mashua ikafungwa mahali pake. Kisha akangojea bakshishi! Slocum akamsamehe. Wapendwa, katika kila bandari, na katika kila ofisi ya parokia, nisijitenge, yumo mtu wa namna hii, ambaye mgeni hana budi kumpita kabla ya kuwafikia watu wenyewe.

Watu wenyewe walikuja na matunda. Ulikuwa msimu wake, nao wakayajaza katika mashua hata mwenyewe asijue ayafanyie nini. Mtu aweza kudhani walikuwa matajiri. La hasha. Slocum aeleza kwamba kodi ziliwalemea mno, hata karibu kila kitu kilitozwa isipokuwa hewa ya kuvuta. Hata barua zao hazikuruhusiwa kushushwa moja kwa moja. Meli ya posta ikipita karibu kiasi gani, barua za Horta zilipelekwa kwanza Lisbon, kwa kisingizio cha kufukizwa dawa, kumbe kwa ajili ya ushuru. Barua alizozituma mwenyewe kutoka Horta zilifika Marekani siku sita baada ya barua aliyoituma Gibraltar, ingawa hii ya Gibraltar aliitia posta siku 13 baadaye. Hao ndio watu waliogawa matunda. Naye aliyepewa, ambaye alikuwa ameliona kila bara linalofikiwa kwa merikebu, akaandika kwamba hakupata kukutana popote na watu wema kuliko wao.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na sikukuu ya mtakatifu mmoja mkuu. Jina la mtakatifu huyo Slocum hakulitaja. Watu walikuja kwa mashua kutoka visiwa jirani kuja kusherehekea. Sitaha ya Spray ilijaa wanaume, wanawake na watoto tangu asubuhi hadi usiku. Mgeni alikuwa amelelewa katika ukoo wa Kiprotestanti, mwenyeji alikuwa Mkatoliki aliyetoka Misa, na hakuna aliyeanza kwa kuuliza habari hiyo.

Sasa nafika kwa mtu ambaye kwa ajili yake nimewaleta huku.

Siku iliyofuata sikukuu, mwenyeji mmoja alifunga farasi zake katika gari, akamchukua Slocum kumtembeza kisiwa kizima, siku nzima. Slocum hakuwa amemwomba. Alipotaka kujua sababu, yule mtu alimweleza kwa Kiingereza cha kubahatisha. Alisema kwamba zamani alikuwa Marekani naye hakujua neno moja la lugha ya nchi ile, akaona maisha magumu, mpaka alipokutana na mtu mmoja aliyeonekana kuwa na nafasi ya kumsikiliza habari zake. Hapo alimwekea nadhiri mtakatifu wake kwamba, ikiwa siku moja mgeni atakuja katika nchi yake, atajitahidi kumfurahisha.

Ndugu zangu, tukae kidogo juu ya maneno haya. Katika karne ile ya kumi na tisa vijana wengi wa Azores walikwenda Marekani kwa njia ya merikebu za kuvulia nyangumi. Merikebu hizo zilitoka New Bedford na bandari jirani, zikapitia Faial kuchukua maji, vyakula na wavuvi. Kijana aliingia akiwa hajui kusoma, akafanya kazi ngumu na ya hatari, kisha akashushwa katika mji wa baridi ambako watu humwona lakini hawamtazami. Hana ndugu, na jina lake linatamkwa vibaya na kila mtu hadi mwenyewe anakubali kuitwa hivyo. Mwenyeji wetu huyu, je, alikwenda kwa njia hiyo? Slocum haelezi, lakini njia ya wengi ndiyo hiyo. Na katika hayo yote, kilichomwokoa ni nini? Hataji fedha, wala kazi, wala nguo ya baridi, ingawa pengine alipewa vyote hivyo. Anakumbuka kwamba mtu mmoja alisimama akamsikiliza. Tena si kwamba mtu yule alikuwa na nafasi. Alionekana kuwa nayo. Nani ajuaye kama naye hakuwa na haraka zake? Alizificha.

Huyo Mmarekani, ambaye jina lake limepotea, huenda alisahau siku ile ile. Hakujua kwamba nusu saa yake imeingizwa katika daftari la mtu mwingine kama deni, na kwamba deni hilo litalipwa miaka mingi baadaye, katika kisiwa ambacho yeye hatakiona kamwe, kwa nahodha ambaye hamjui. Waisraeli walipewa amri ya namna hiyo hiyo katika Torati. Walitakiwa kumpenda mgeni kwa sababu wao wenyewe walikuwa wageni katika nchi ya Misri. Sababu waliyopewa ilikuwa kumbukumbu yao wenyewe. Sheria haikudai kwamba mgeni ni mtu mwema, wala kwamba ataleta faida.

Hapa ndipo ninapoona nuru juu ya nyumba ya Marta. Maria aliketi. Alionekana kuwa na nafasi. Bwana alikuwa njiani kwenda Yerusalemu, anakwenda kufa, na katika safari ile ni wangapi walikuwa na nafasi ya kumsikiliza? Mitume walikuwa wanashindana juu ya ukubwa. Makutano walitaka kuponywa. Mwanamke mmoja alikaa chini. Nanyi akina mama msifadhaike kwa ajili ya Marta, maana, kama mtakavyosikia sasa hivi, mtu wa Horta naye alipika. Jiko halikulaumiwa. Tofauti ni kwamba alianza kwa kumtembeza mgeni, ndipo akamlisha.

Kabla ya chakula, hata hivyo, lipo jambo jingine, nami siwezi kuliacha kwa sababu linatuhusu sisi wenye kusema sana. Mwenye gari, kwa wema wake, alimchukua na mkalimani, ili mgeni apate kujua nchi vizuri zaidi. Mkalimani huyo alizungumza kutwa nzima. Alizungumza juu ya meli, na safari zake, na mashua alizoziongoza yeye. Slocum alikuwa amekuwa na bahari peke yake siku 18. Kitu alichokuwa hataki kabisa kusikia habari zake ni mashua. Mwenyeji mwenyewe, aliyeweka nadhiri, aliyetoa farasi zake, hakupata hata upenyo wa kutia neno. Nadhani kila mtu aliyepata kulazwa hospitalini anamfahamu mkalimani huyo. Amekuja kukutazama, ameketi kando ya kitanda, na kwa saa nzima amekusimulia upasuaji wa shemeji yake. Nasi mapadre tumo, hasa tunaozungumza redioni, ambako msikilizaji hana njia ya kutujibu isipokuwa kuifunga redio.

Jioni wakafika nyumbani. Mwenyeji akaandaa chakula ambacho, kwa maelezo ya Slocum, kingeufurahisha moyo wa mwana wa mfalme. Meza ilikuwa imejaa. Nyumba ilikuwa tupu. Hakuna mke aliyetoka jikoni, wala mtoto aliyechungulia mlangoni kumwona mgeni. Ndipo mwenyeji akaonyesha kwa mkono makaburi ya kanisa ng'ambo ya barabara, akaeleza kwamba mkewe na watoto wake wote wanapumzika pale. Na kwamba alihama kutoka mbali akaja kukaa katika nyumba hii ili awe karibu na mahali hapo, anapokwenda kusali kila asubuhi.

Slocum aeleza hayo kwa maneno machache mno, kisha anaendelea na habari nyingine. Katika simulizi hilo la chakula haongezi neno juu yake mwenyewe. Lakini sisi twajua kutoka kwingineko kwamba mkewe, Virginia, ambaye alisafiri naye merikebuni miaka mingi na kumzalia watoto baharini, alifariki mwaka 1884 merikebu ikiwa Buenos Aires, na kwamba baadhi ya watoto wao walikufa wangali wachanga. Baadaye alioa tena. Basi pale mezani waliketi wanaume wawili waliojua jambo moja. Kama Slocum alisema lolote, hakuliandika. Mimi napenda kufikiri kwamba hapo ndipo zamu ilipobadilika, na kwamba aliyetembezwa mchana kutwa, na kuchoshwa masikio na mkalimani, sasa yeye ndiye aliyeonekana kuwa na nafasi.

Wahenga wetu wamesema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii twaitumia kwa mzaha siku mtoto anapofurahi kwamba kuku atachinjwa kwa ajili ya mgeni, naye apate nyama. Maana hiyo ni halali. Lakini iko na nyingine ya ndani zaidi. Mtu aliyefiwa na wote wa nyumba yake anaweza kufunga mlango, na hakuna atakayemlaumu. Huyu aliufungua. Alikuwa na watu wawili tu wa kuzungumza nao kwa siku, mtakatifu wake na makaburi ya ng'ambo ya barabara, na Jumatatu ile akapata wa tatu.

Najua kwamba ninyi mlio katika mwambao wetu mtakuwa na neno la kusema hapa, tena la haki. Historia ya wageni waliotujia kwa matanga si ya matunda matupu. Mwezi Aprili mwaka 1498 Vasco da Gama alipokewa vizuri Malindi, kwa sababu za kisiasa pia, maana Malindi ilikuwa na ugomvi wake na Mombasa. Akapewa vyakula na rubani wa kumfikisha Calicut. Mwaka 1505 merikebu za taifa lile lile, chini ya Francisco de Almeida, ziliiteka Kilwa na kuichoma moto Mombasa. Na ajabu ya mambo, kaka yake Vasco, Paulo da Gama, aliyekuwa naye katika safari ile ya kwanza, aliugua njiani wakati wa kurudi, akashushwa katika visiwa hivi hivi vya Azores, katika kisiwa cha Terceira, akafa na kuzikwa huko mwaka 1499. Bahari imewafunga watu pamoja kwa kamba nyingi, nyingine zina damu. Kwa hiyo simlaumu mzee wa pwani anayekitazama chombo kigeni kwa jicho la tahadhari. Ibrahimu naye aliwatazama wale watatu kabla ya kuinuka. Kupokea mgeni hakumwondolei mtu akili.

Wengine mtaniambia kwamba wahenga hao hao wamesema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ni kweli, nayo ni methali ya busara. Slocum mwenyewe alikusudia kukaa siku mbili tu. Aliongeza mbili nyingine, na sababu anayoitoa ni wema wa wenyeji na unyofu wao. Lakini tuangalie tunampa nani jembe, na tunampa mapema kiasi gani.

Maana liko jambo linalonisumbua katika hadithi hii, na nisingependa mtoke nalo likiwa limefunikwa. Ni rahisi kumpokea Slocum. Alikuwa fukara, saa yake ya safari ilikuwa ya bati, aliyoinunua kwa dola moja kwa kuwa uso wake umevunjika. Hata hivyo alikuwa nahodha kutoka nchi kubwa, na mashua yake ilikuwa kitu cha kutazamwa. Mgeni wa namna hiyo akishuka leo katika mji wetu wowote mdogo wa pwani, watoto watamkimbilia, vijana watambebea mizigo, na mwenyekiti wa mtaa atavaa shati safi. Sisemi ni vibaya. Nauliza juu ya yule mwingine. Nauliza juu ya kijana aliyeshuka stendi jana usiku kwa basi la mwisho, mwenye mfuko mmoja na namba ya simu ya mjomba ambayo haipatikani. Nauliza juu ya msichana wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini, ambaye amekaa nyumbani mwako miezi minane, anapika, anafua, analea, na hata leo hujui mama yake anaitwa nani, wala kama yuko hai. Huyo ndiye Marta wa nyumba nyingi za Kikristo. Anahangaika na mengi kwa sababu tumempa mengi. Je, amepata hata jioni moja ya kuwa Maria, au mtu wa kuwa Maria kwake, aketi naye dakika kumi amwulize, mwanangu, kwenu ni wapi, na ulitokaje huko?

Wapo kati yetu waliolifanya hilo kwa kiwango kinachonitisha. Mwisho wa Aprili 1994, katika siku chache, watu zaidi ya laki mbili kutoka Rwanda walivuka mpaka wa Rusumo na kuingia Ngara. Wakulima wa Ngara hawakuwa na farasi wala magari. Waliona miti yao inakwisha na visima vyao vinakauka, na bado wengi wao waligawana na wageni ndizi na maji. Hawakuandikwa kitabuni kwa majina.

Nao watu wa Faial iliwapasa kuwa wageni tena. Mwezi Septemba 1957 volkano ililipuka baharini, karibu na mnara wa taa wa Capelinhos, mwisho wa magharibi wa kisiwa, ikaendelea hadi Oktoba 1958. Majivu yalifunika mashamba na kuangusha mapaa ya nyumba. Mwaka huo wa 1958 Marekani ilitunga sheria ya pekee ya kuwapokea walioathirika, na mmoja wa maseneta walioipigania alikuwa John F. Kennedy. Maelfu waliondoka. Wakashuka New Bedford na Fall River, katika miji ile ile ya baridi ambako babu zao walishuka kutoka merikebu za nyangumi, na bila shaka wengine wao walimtafuta mtu wa kuwasikiliza.

Leo Horta inapokea mashua za matanga kila mwaka, mamia kwa mamia, zinazovuka Atlantiki. Bandari maalumu kwa ajili yake ilifunguliwa mwaka 1986. Mabaharia wana desturi ya kuchora jina la mashua yao juu ya kuta za bandari kabla ya kuondoka, hata kuta zote zimejaa rangi. Karibu na hapo uko mkahawa uliofunguliwa mwaka 1918 na familia moja ya mji huo, Peter Café Sport. Kwa muda wa miaka mingi mabaharia waliutumia kama sanduku lao la posta: mtu aliandikiwa barua kwa anwani ya mkahawa, na wenyewe wakamtunzia mpaka afike, hata kama ni baada ya miezi. Nikikumbuka zile barua za zamani zilizozungushwa Lisbon kwa ajili ya ushuru, naona kwamba mji huu uliamua kumfanyia mgeni kile ambacho wenyewe walinyimwa.

Slocum aling'oa nanga asubuhi ya tarehe 24 Julai. Alikuwa na matunda tele, hasa plamu, pamoja na jibini nyeupe ya Pico aliyopewa na konseli wa Marekani. Akavila vyote kwa pamoja bila kipimo, na kabla ya usiku kuingia akawa amejikunja sakafuni kwa maumivu ya tumbo, dhoruba ikija. Katika homa ile alimwona mtu mrefu amesimama penye usukani, akajitambulisha kuwa rubani wa Pinta, mojawapo ya merikebu za Christopher Columbus, aliyekuja kumsaidia. Tena akamwonya kwamba plamu na jibini havipatani. Kulipokucha mashua ilikuwa imekwenda maili 90 katika bahari iliyochafuka, nayo imeshika njia yake. Wataalamu waeleze watakavyo. Mimi naona tu kwamba yule aliyewahi kumwuliza mshika usukani asiyekuwako, bila kupata jibu, baada ya siku nne za Horta alijibiwa.

Wakati huo, kule nyuma, mtu mmoja alikuwa amekwisha kuvuka barabara kwenda kusali, kama kila asubuhi. Katika kitabu chake Slocum ameyaandika majina mengi, hata la nahodha ambaye mkalimani yule alijisifu kuwa alifanya kazi chini yake. La mwenye gari hakuliandika. Katika Misa ya leo saa nne nitamtolea sadaka yeye, na mkewe, na watoto wake wote waliozikwa Horta, pamoja na yule Mmarekani aliyemsikiliza.

Tumsifu Yesu Kristo.